Soma Kilichomo Kwenye Mabano: Albamu za Kuwaenzi Ramones na Hesabu Zake

Kwetu panki ilifika kwa kinyozi kabla haijafika redioni. Ukitaja panki Kariakoo au Gikomba, mtu anapeleka mkono kichwani: pembeni pamenyolewa, katikati pameachwa. Kwamba neno hilo ni jina la muziki, wengi tulikuja kulijua baadaye, na wengine tulilijulia kwenye mtumba. Fulana yangu ya kwanza ya Ramones niliinunua Karume kwa sababu ya tai aliyechorwa kifuani, nikidhani ni timu ya besiboli. Sikuwa nimekosea sana. Ukimtazama vizuri yule tai, ambaye Arturo Vega alimchora kwa kuiga muhuri wa rais wa Marekani, utaona kashika tawi la mtofaa mguu mmoja na gongo la besiboli mguu wa pili.

Kumbe Ramones ni kundi la panki. Baada ya fulana nikataka kuwasikia wenyewe, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Wimbo uleule unaukuta umeimbwa na Metallica. Unaukuta kwa wanawake watatu wa Osaka. Kuna kundi la vitongoji vya Chicago limerudia albamu yao nzima, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Kuna hata toleo la kumbembelezea mtoto alale, limepigwa kwa kengele ndogondogo. Jalada limeandikwa Ramones kwa herufi kubwa, lakini ndani Ramones wenyewe hawamo. Hizi ndizo albamu za kuenzi, na kila anayezikuta huishia kuuliza maswali yaleyale: nani katoa ruhusa, nani analipwa, na mbona nyingi zinachosha?

Wenyewe walikuwa vijana wanne wa Forest Hills, mtaa wa Queens jijini New York, waliounda kundi mwaka 1974 na kujipa jina la ukoo mmoja: Joey, Johnny, Dee Dee na Tommy Ramone. Hakuna aliyekuwa ndugu wa mwenzake. Jina walilitoa kwa Paul McCartney, ambaye enzi za ujana aliwahi kujiita Paul Ramon. Albamu yao ya kwanza ilitoka Aprili 1976, nyimbo 14 ndani ya dakika 29, na iligharimu kama dola 6,400 kurekodi. Kwenye chati za Marekani iliishia nafasi ya 111. Kisha wakazunguka dunia kwa miaka 22, maonyesho 2,263, hadi walipoaga Hollywood tarehe 6 Agosti 1996, na katika muda wote huo hawakupata wimbo mmoja uliotikisa chati za kwao.

Watu walionunua ile albamu walikuwa wachache, ila wengi wao walikwenda kutafuta gitaa. Hao ndio walioanza kurudisha fadhila walipokua.

Kabla ya habari ya fedha kuna jambo la muziki lenyewe, maana bila hilo huwezi kuelewa kwa nini albamu nyingi za aina hii hazisikiliziki zaidi ya mara moja. Vaa hedifoni, fungua albamu ile ya 1976, kisha toa sikio la kushoto. Besi imetoweka. Limebaki gitaa, na katikati sauti ya Joey na dramu. Vaa la kushoto, toa la kulia: sasa gitaa halipo, besi ya Dee Dee inatembea peke yake. Waliipanga hivyo kwa mtindo wa santuri za zamani za Beatles, na kwa bahati ile nasi tumepewa darasa la bure: unaweza kuufungua wimbo na kuona vipuri vyake vyote. Ni vichache mno. Gitaa lina kodi tatu, mara nne (sisemi zile za TRA, nasema vidole vinapokandamiza nyuzi kadhaa kwa mpigo). Solo hakuna. Madoido hakuna. Dee Dee anahesabu moja, mbili, tatu, nne, na baada ya dakika mbili mmeshamaliza.

Mkono wa kulia wa Johnny ndio injini. Alipiga nyuzi kwa kushuka tu, hakuna kupanda, na katika wimbo wao maarufu kuliko yote, ule unaofungua albamu, mkono ule unashuka karibu mara 6 kila sekunde. Nilijaribu siku moja kwenye gitaa la rafiki. Kiwiko kilikufa ganzi kabla sijafika ubeti wa pili. Mpigaji wa kawaida angepiga chini-juu, chini-juu, apumzike. Kodi zingekuwa zilezile na kasi ileile, lakini ule ukuta wa sauti usingekuwepo.

Sasa fikiria unataka kurudia wimbo wa namna hiyo. Bi Kidude alipoimba nyimbo za Siti binti Saad alikuwa na nafasi ya kujitanua: avute neno, acheleweshe mwitikio, aongeze ubeti wake, na wimbo ukambeba. Taarabu ni nyumba ya vyumba vingi. Wimbo wa Ramones ni kibanda cha chumba kimoja ambacho samani zote zimeshatolewa nje. Ukiupiga kama ulivyo, umetoa fotokopi. Ukiondoa kitu, hakibaki kitu. Ukiongeza, umeharibu kilichowafanya watu waupende. Kundi linaloingia studio kurudia panki lina njia nyembamba sana ya kupita, na makundi mengi huchagua fotokopi, kwa kasi kubwa zaidi na maikrofoni za bei zaidi.

Turudi kwenye ruhusa. Kwa sheria ya Marekani, hakuna anayelazimika kuomba.

Chanzo chake ni piano. Mwanzoni mwa karne iliyopita Marekani ilijaa piano zilizojipiga zenyewe kwa kufuata karatasi zilizotobolewa matundu. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba karatasi ile si nakala ya wimbo, kwa hiyo mtunzi hana anachodai. Mwaka uliofuata Kongresi likatunga sheria ya kumlinda mtunzi, lakini likakuta kampuni kubwa ya piano hizo, Aeolian, imeshaanza kufunga mikataba na wachapishaji wa muziki ili nyimbo ziwe zake peke yake. Kwa kuogopa ukiritimba, Kongresi likakata shauri hivi: wimbo ukisharekodiwa mara ya kwanza kwa idhini ya mwenyewe, mtu yeyote anaweza kuurekodi upya bila kuomba, mradi atoe taarifa na amlipe mtunzi senti 2 kwa kila nakala. Senti 2 zile zilidumu kuanzia 1909 hadi 1978. Mwaka 2003 zilikuwa zimefika 8, mwaka 2006 zikawa 9.1. Kwa hiyo vijana wenye pini masikioni wanarekodi nyimbo za wenzao kwa leseni iliyotungwa kwa ajili ya piano za sebuleni.

Leseni hiyo ina mipaka. Unaruhusiwa kuupanga wimbo ukaufaa mtindo wako, lakini si kugeuza sauti yake ya msingi. Kubadili maneno au kuyatafsiri ni jambo jingine, hapo lazima ubishe hodi. Kuuweka wimbo kwenye filamu au tangazo ni mkataba mwingine kabisa.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba kila unachosikia ni mali mbili zilizokaa pamoja. Ya kwanza ni wimbo: maneno na sauti, kazi ya mtunzi. Ya pili ni rekodi: siku ile, studio ile, koo lile. Metallica wakirudia wimbo wa Dee Dee kuhusu kona ya barabara ya 53 na ya 3 jijini New York, rekodi ni ya Metallica na lebo yao, wimbo unabaki wa Dee Dee. Mwenye wimbo anajulikana kwa kutazama chini ya jina lake kwenye jalada, ndani ya mabano, kwa maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma. Fedha ya kurudia inafuata mabano. Mpiga dramu ambaye jina lake halimo pale hapati hata senti, hata kama mdundo aliobuni yeye ndio unaorudiwa na dunia nzima.

Ramones walilijua hili na mwanzoni walilimaliza kindugu. Kwenye albamu za kwanza nyimbo zote walizotunga wenyewe ziliandikwa jina moja tu, Ramones, ingawa ndani kila mtu alijua ya nani ni ya nani. Ule wa kumpiga mtoto mtukutu kwa gongo la besiboli ni wa Joey. Ule wa mapenzi ya aibu, mpole kuliko yote katika albamu ya kwanza, ni wa Tommy. Kufika 1981, kwenye Pleasant Dreams, umoja umekwisha na kila mmoja anaandika lake kwenye mabano. Wakati huo Joey na Johnny walikuwa wameanza kununiana: mwanamke aliyekuwa na Joey alihamia kwa Johnny na wakaoana. Waliendelea kupanda jukwaa moja kwa miaka mingine 15 wakiwa hawazungumzi. Nyimbo za miaka ile, ukizisoma na majina yake, ni kama barua za watu wa nyumba moja wanaopishana koridoni.

Ndiyo maana jina la albamu mashuhuri kuliko zote za kuwaenzi linanichekesha kila nikiliona. Inaitwa We're a Happy Family, yaani sisi ni familia yenye furaha, jina la mmoja wa nyimbo zao wenyewe wa kejeli. Ilitoka Februari 2003 kwa lebo ya Columbia. Joey alikuwa amefariki Aprili 2001 kwa saratani, Dee Dee Juni 2002 kwa dawa za kulevya. Johnny, ambaye naye alikuwa akiugua saratani na angefariki Septemba 2004, ndiye aliyeisimamia, akisaidiwa na Rob Zombie. Stephen King, yule wa riwaya za kutisha, akaandika maelezo ya jalada. Albamu ya kuenzi inafanana na kikao cha ukoo baada ya matanga: aliye hai ndiye anayepanga viti.

Na viti vilipangwa kweli. U2, Metallica, Kiss, Red Hot Chili Peppers, Green Day, Rancid, The Offspring, Garbage, Marilyn Manson, Pretenders, Eddie Vedder, Tom Waits. Ukiitazama orodha hiyo unaona albamu inajibu hoja ya zamani: eti Ramones walikuwa watoto wasiojua kupiga. Hapa wamekaa watu waliojaza viwanja, wote wakiwavulia kofia.

Kwa masikio lakini, nusu yake ni fotokopi. Green Day na Rancid wanapiga vizuri, na baada ya wimbo kwisha hujui kwa nini usingesikiliza ule wa kwanza. Kiss wameupaka wimbo mafuta hadi unateleza. Manson ameuchukua ule unaowataja Ku Klux Klan, lile genge la wabaguzi weupe wa Marekani, akaupunguza mwendo na kuuzamisha kwenye mashine, na ghafla kitu ambacho Joey alikiimba kama utani wa mpenzi aliyeibwa kinakuwa tishio. Sisemi ni kizuri, nasema kuna mtu alifikiri. Pretenders nao wamepunguza mwendo, kwa upole, na Chrissie Hynde, mwimbaji wao, anaimba kama mtu aliyewahi kukaa na hao watu. Zaidi ya hao, mshindi kwangu ni Tom Waits. Anabweka. Wimbo umevuliwa hata ule unadhifu mdogo uliokuwa nao, umebaki makelele ya karakana.

Waits ana sababu. Mwaka 1992 alitoa wimbo wake wa kukataa kukua na kuwa mtu mzima. Mwaka 1995 Ramones, wakijua wanakwenda kufunga duka, waliuchukua wakaufanya wimbo wa kufungulia albamu yao ya mwisho, ¡Adios Amigos!. Joey, mwanaume wa miaka arobaini na kitu, akiimba hataki kukua. Kwa hiyo 2003 Waits alikuwa anarudisha sahani. Na desturi ya kurudisha sahani, sahani hairudi tupu.

Nikupigie hesabu ya ile albamu, kwa sababu hapa ndipo watu hudhani Ramones walitajirishwa. Ina nyimbo 16, ukiacha mmoja uliofichwa mwishoni. Kwa kiwango cha 2003, senti 8 mara 16 ni dola 1 na senti 28 kwa kila CD iliyouzwa, na hiyo ni kwenye karatasi, maana lebo hupenda kupatana chini ya hapo. Kiasi hicho wanagawana watunzi waliomo kwenye mabano na wachapishaji wao wa muziki. Si fedha ya kubeza, lakini si ya kununulia jumba. Faida ya kweli huja kwa mlango wa nyuma: mtoto wa miaka 15 anayemfuata Green Day anakutana na jina asilolijua, anatafuta albamu ya 1976, ananunua na fulana.

Kuna kitu kingine kwenye sheria ile kinachowapendeza panki bila wao kuomba. Kiwango ni kwa wimbo, mradi usizidi dakika 5. Wimbo wa dakika moja na nusu unalipwa sawasawa na wa dakika nne na nusu. Albamu ya 1976 ingerudiwa yote, ingedaiwa malipo 14 kwa dakika 29.

Na imerudiwa yote kweli. Mwaka 1992 Screeching Weasel, wale wa vitongoji vya Chicago, waliingia studio wakairekodi upya nzima kwa mpangilio uleule. Mwaka 1994 The Queers wakafuata na Rocket to Russia. Kisha ikawa kama kazi ya kugawana nyumba za mtaa: The Vindictives wakachukua Leave Home, Mr. T Experience wakachukua Road to Ruin, Boris the Sprinkler wakachukua End of the Century. Ukizifuatisha, unapata maisha ya Ramones yamesimuliwa na wapwa zao. Shonen Knife, wanawake wa Osaka walioanza 1981, walitimiza miaka 30 kwa albamu ya Osaka Ramones mwaka 2011, na hiyo mimi naipenda kuliko zote za aina hii. Hawakubadili karibu kitu. Lakini lafudhi yao ya Kijapani, na jinsi wanavyochukua maneno ya wahuni wa Queens wakayaimba kwa adabu kama wanafunzi kwenye kwaya, inatosha kuufanya wimbo uwe wao.

Ukisoma mabano ya Screeching Weasel utakuta jambo la kuchekesha. Karibu na mwisho wa albamu kuna wimbo wa kucheza ambao si wa Ramones hata kidogo. Ulivuma mwaka 1962 kwa sauti ya Chris Montez, na mtunzi wake ni Jim Lee. Ramones waliurudia 1976. Screeching Weasel wakawaenzi Ramones kwa kurudia marudio yao, na zile senti zikamwendea Jim Lee, ambaye hakuna aliyekuwa akimwenzi.

Kwa The Clash wa London hali hii si ya wimbo mmoja, ni ya mfumo mzima. Mwaka 1999 lebo ya Epic ilitoa Burning London, albamu ya kuwaenzi, wakiwemo No Doubt, Rancid, Moby na hata Ice Cube. Lakini Clash wenyewe walijengwa kwa nyimbo za watu. Ule wa polisi na wezi waliourekodi 1977 ni wa Junior Murvin wa Jamaika, aliyeutoa mwaka mmoja kabla pamoja na mtayarishaji Lee "Scratch" Perry. Ule wa kupambana na sheria na kushindwa ni wa Sonny Curtis wa Texas. Ule wa Kadilaki mpya ni wa Vince Taylor. Mtu akiwaenzi Clash kwa kuimba kuhusu polisi na wezi, heshima inakwenda London na malipo yanakwenda kwa Wajamaika. Kwa maoni yangu hiyo ni haki kabisa. Perry hakununa: mwaka uleule wa 1977 alikaa nao studio kama mtayarishaji wa singo yao, na Bob Marley akaimba kuhusu sherehe ya panki na rege akiwataja Clash kwa jina.

Sisi tunalijua suala la mabano kupitia Malaika. Wimbo ule umerudiwa na Miriam Makeba, na Boney M, na kila bendi ya hoteli kutoka Mombasa hadi Zanzibar. Fadhili William ndiye aliyesajiliwa kama mtunzi, lakini wengine, akiwemo Adam Salim, walidai ni wao waliouandika, na wazee wetu wamekufa wakibishana. Mabano yanasema nani alipwe. Kama yanasema kweli, hilo ni suala la aliyewahi kwenye daftari.

Kwenye karatasi, albamu ya kuenzi inaweza pia kutomlipa mtunzi wala mwimbaji, bali kumsaidia mtu wa tatu. Mwaka 2002 Henry Rollins, aliyekuwa mwimbaji wa Black Flag wa California, alikusanya watu wakaimba nyimbo 24 za kundi lake la zamani: Iggy Pop, Lemmy, Chuck D, Ice-T. Fedha ilichangia utetezi wa vijana watatu wa West Memphis, Arkansas, waliofungwa mwaka 1994 kwa mauaji ambayo watu wengi waliamini hawakuyafanya. Mmoja wao alikuwa amehukumiwa kifo. Waliachiwa tarehe 19 Agosti 2011. Sitadai ni albamu iliyowatoa, wanasheria walifanya kazi ya miaka, lakini ni mfano wa nadra wa kuenzi ambako wimbo wa hasira ulipewa kazi ya kufanya.

Mwaka 2007 nyimbo za Black Flag zikarudiwa kwa njia ambayo sijaisikia kwingine. Kundi la Dirty Projectors, chini ya Dave Longstreth, lilitaka kurudia albamu ya Damaged ya 1981, ambayo alikuwa akiisikiliza utotoni. Badala ya kuitafuta na kuisikiliza upya, alikataa kuigusa. Akairekodi kwa kumbukumbu tu. Alipokumbuka neno aliliweka, aliposahau akajaza. Matokeo yana magitaa yanayodonadona kama kuku, na wanawake wanaoitikia juu kwa sauti nyororo. Mpenzi wa Black Flag akisikia kwa mara ya kwanza anaweza kutaka kuvunja redio. Mimi nilihitaji mara tatu. Lakini ndiyo albamu pekee katika zote hizi inayoonyesha muziki unavyoishi ndani ya mtu kweli: vipande viwili vitatu vilivyonyooka, na vingine vimeota kutu na majani.

Dead Kennedys wa San Francisco walipata heshima yao 1992, lebo ya Alternative Tentacles ilipofikisha toleo la 100. Wengi waliomo walipiga kelele zilezile. Disposable Heroes of Hiphoprisy wakauchukua wimbo wa 1979 uliomkejeli Jerry Brown, gavana wa California wa enzi hizo, wakautoa jina lake wakamweka Pete Wilson, gavana wa wakati wao, kwa kufokafoka. Na hawakuwa wa kwanza. Dead Kennedys wenyewe walikuwa wameshaubadili mwaka 1981 ili umpate Ronald Reagan. Wimbo wa aina hiyo ukiurudia neno kwa neno miaka 13 baadaye, umemkejeli mtu aliyekwisha kuondoka ofisini.

Ramones nao walilipwa sifa zao polepole. Albamu ya 1976 ilipewa cheti cha dhahabu, nakala 500,000 kwa Marekani, mwaka 2014, miaka 38 baada ya kutoka. Katika wale wanne alikuwa amebaki Tommy peke yake. Alifariki Julai mwaka huohuo.

Nimebakisha santuri moja, na hii haihusu Ramones. Mwaka 1981 wasichana watatu wa London, Bananarama, walitoa singo yao ya kwanza. Wawili kati yao walikuwa wakikaa juu ya chumba walichokuwa wakifanyia mazoezi Sex Pistols, mtaa wa Denmark, na Paul Cook, mpiga dramu wa Pistols, ndiye aliyewasaidia kuirekodi. Inaitwa Aie a Mwana. Wanaimba Kiswahili, lugha ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeijua. Walikariri milio tu. Nimeisikiliza mara nyingi, na yapo maneno ambayo mimi niliyezaliwa nayo siyapati. Ni marudio: wa kwanza kuutoa walikuwa Black Blood, kundi la Waafrika waliokuwa Ubelgiji, mwaka 1975. Basi nikageuza jalada kutafuta Mswahili aliyeutunga. Ndani ya mabano kuna majina mawili, Kluger na Vangarde. Mmoja Mbelgiji, mwingine Mfaransa.